Deni ni lako, paswadi ni ya nani?

Kuna daftari moja Kawangware, la kurasa 96, jalada la bluu, ambalo likipotea leo watu wengi sana wa Gatina na Congo hawataweza kuingia kwenye akaunti zao za KRA. Najua kwa sababu nimeandika ndani yake karibu mwaka mzima.

Hiyo ilikuwa baada ya kuacha chuo. Nilipata kazi kwenye saiba moja, sitaitaja, wanaoijua wanaijua. Kompyuta nne, printa moja inayokohoa, na mimi. Hata PIN yangu mwenyewe nilifunguliwa hapohapo miaka ya nyuma, nikitafuta mkopo wa HELB. Sasa mimi ndio nikawa mtu wa kufungulia wengine. Mtu anakuja anataka PIN. Namuuliza imeli, anacheka. Simu yake ni mulika mwizi. Basi naweka imeli ya saiba. Paswadi naweka ileile niliyomwekea jirani yake, maana nikiweka tofauti kesho nitasahau. Halafu nafungua daftari naandika jina, PIN, paswadi, namba ya simu. Shilingi 100. Ikiwa ni tarehe 30 Juni na foleni imefika kwa muuza mutura, shilingi 200. Mwenye saiba alikuwa akituambia kompyuta zikiibiwa atanunua zingine, lakini daftari likiibiwa amefunga kazi.

Hakuna aliyeona ni kitu kibaya. Wateja walikuwa wanashukuru. Mimi pia nilijiona nasaidia mtaa, na kwa kiasi fulani nilikuwa nasaidia kweli.

Halafu Mei 2024 akaja mama mmoja anayeuza mitumba, nguo za watoto, zile za kutundika kwa kamba. Alikuwa amepata kazi ya kupika shuleni, na wamemwambia alete cheti cha kuonyesha hadaiwi ushuru. "Kijana wangu, hebu niangalizie, ni dakika mbili tu." Nikatafuta jina lake kwa daftari, nikalipata. Nikaingia, nikajibu ile hesabu ya darasa la pili ambayo iTax hukuuliza kabla ya kukufungulia. Nikafungua sehemu ya madeni.

Shilingi 140,000.

Nilidhani nimeingia kwa akaunti ya mtu mwingine. Nikaangalia jina tena. Ni yeye. Kumbe siku aliyofunguliwa PIN, Februari 2023, aliyemfungulia aliweka tiki mahali pa VAT. VAT ni ya biashara inayouza kuanzia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Lakini ukishaandikishwa, mfumo haukuulizi kama unauza mitumba ama magari. Unakungoja ulete ritani kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama ni ya sifuri. Usipoleta, sheria inasema faini ni shilingi 10,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Miezi kumi na minne, mara elfu kumi. Piga hesabu. Mfumo ulifanya kile ulichoambiwa. Na notisi zilikuwa zinatumwa, tena kwa wakati, kwa imeli ya kijana aliyefanya kazi pale kabla yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshaenda Qatar kulinda majengo.

Nilirudi kwa daftari kuangalia mwandiko. Haukuwa wangu. Nikafurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, maana ningekuwa mimi ingekuwa vilevile. Kazi ya shule alipewa mtu mwingine.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma mambo ya ushuru wa nchi hii. Niliacha darasa, sikuacha kusoma. Na nilichokuwa natafuta hakikuwa kiasi, kwa sababu kila mtu anaongea kuhusu kiasi. Nilitaka kujua ni lini hasa deni la mtu lilianza kuandikwa mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika.

Jibu ni kwamba lilianza hivyo tangu siku ya kwanza.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Mwingereza mwaka 1901, hata kabla nchi haijaitwa Kenya. Ilianza na rupia 2 kwa kila kibanda, ikapanda hadi 3. Mwenye wake watatu ana vibanda vitatu, analipa mara tatu. Mjane naye alihesabiwa kwa kibanda chake. Mwaka 1910 wakaona vijana wasio na nyumba wanaponyoka, wakaongeza kodi ya kichwa. Na si kwamba walikuwa wanahitaji hizo rupia peke yake. Maafisa wenyewe hawakuficha kwamba kodi ilikuwa njia ya kumtoa mtu shambani kwake aende kwa mlowezi kutafuta pesa ya kuilipa. Ukichelewa, wanachukua mbuzi. Hakuna mbuzi, unafanya kazi ya serikali mpaka deni liishe, ama unafungwa. Mwaka 1925 wakatunga kabisa sheria ya kambi za kizuizini za watu wenye makosa madogo, na waliokosa kulipa kodi walikuwa kati ya waliopelekwa huko.

Lakini angalia kazi yenyewe ilivyofanyika. Mtu wa chifu anapita na kitabu anahesabu vibanda. Anaandika. Wewe unayehesabiwa huoni ameandika nini, na hata ukiona, wengi hawakuwa wanasoma. Kitu pekee unachobaki nacho ni stakabadhi. Hiyo karatasi ikiliwa na mchwa, kitabu ndicho kinachosema ukweli, na kitabu kiko kwa ofisi.

Halafu ikaja kipande. Hii ndiyo ilinishika koo.

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, lakini vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, kabila, anakotoka, ameajiriwa na nani, analipwa ngapi, ameanza lini, ameacha lini. Inawekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kinaning'inizwa shingoni. Wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Alama za vidole zinabaki pia Nairobi, kwa ofisi ya usajili, ili ukitoroka kazi utafutwe. Na mwajiri asipokuandikia kwamba umetoka kwake kihalali, huajiriwi kwingine. Wewe ni mtoro.

Sasa fikiria hiyo kama akaunti. Taarifa zako zote ziko shingoni mwako, unatembea nazo, unalala nazo. Mzungu wa shamba anaweza kuandika ndani. Polisi anaweza kufungua asome. Karani wa Nairobi ana nakala. Mtu mmoja tu ndiye hana ruhusa ya kubadilisha hata herufi moja, naye ni mwenye shingo.

Na kuna kitu walimu wangu wa historia hawakuniambia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilipoamua usajili uwe wa watu wa rangi zote, walowezi walitakiwa nao waweke alama za vidole. Walipiga kelele kweli kweli. Ati ni kudharauliwa, ati ni kufanywa wahalifu. Serikali ikalegeza, wanaojua kusoma na kuandika wakapewa njia nyingine ya saini na picha. Kwa hiyo walijua. Miaka thelathini walikuwa wakijua vizuri kile kikopo kinamfanya mtu ajisikie vipi.

Mpaka leo mtaani kitambulisho tunakiita kipande. Karao anakusimamisha usiku pale Stage 2, anasema "Toa kipande." Sijawahi kusikia mtu akishtuka kwa hilo neno.

Wengi tunamjua Harry Thuku kama jina la barabara karibu na hoteli ya Norfolk. Wacha nimtoe kwa barabara kidogo. Alizaliwa 1895. Alifanya kazi kwa mitambo ya gazeti la walowezi, halafu akawa mtu wa kuunganisha simu kwenye Hazina ya serikali, hapa Nairobi. Yaani kijana wa teknolojia, ndani ya nyumba ya pesa za kodi. Mwaka 1921 walowezi walitangaza kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi imepandishwa hadi shilingi 16. Tarehe 24 Juni 1921 kulikuwa na mkutano Dagoretti, hapa juu tu kutoka Kawangware, machifu na wazee wakakaa na maafisa wa serikali na wamishonari, wakalalamikia mishahara, kodi na kipande. Thuku alitaka zaidi ya kulalamika kwa heshima. Akaanzisha chama cha vijana, akakigeuza kiwe cha watu wa makabila yote, East African Association, na akatuma simu ya maandishi moja kwa moja London bila kupitia kwa machifu. Kazi Hazina ikaisha, bila shaka.

Walimkamata Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye watu walijaa nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kusita na kutaka kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mbele yao, ile laana ambayo Mkikuyu wa wakati huo hangeweza kuivumilia, akawaambia wampe yeye suruali zao. Watu wakasonga mbele. Polisi wakapiga risasi, na inasimuliwa kwamba Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa.

Na baada ya hapo nini kilifanyika? Kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Kipande kilibaki. Kilibaki zaidi ya miaka ishirini. Hapo ndipo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Watu wakikasirika, serikali hushusha kiasi. Haigusi rekodi. Kiasi ni kitu cha kupatanishwa, lakini nani anaandika na nani anasoma, hiyo huwa haiko mezani.

Uhuru haukubadilisha hilo jambo sana. Babu yangu, wa upande wa Kakamega, alikuwa anatusimulia kuhusu GPT, ile kodi ya kichwa ya kupanda na kipato, iliyoanza miaka ya 1950 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa bendera ya Kenya sasa, lakini askari wa chifu walikuja alfajiri vilevile, na wanaume wakalala kwenye mahindi vilevile. Babu aliweka stakabadhi zake zote kwa mkebe wa Kimbo. GPT ilipofutwa aliendelea kuziweka. Tulipomzika mkebe ulikuwa bado chini ya kitanda, na hakuna mtu alithubutu kuuchoma mpaka nyanya aseme.

Nyanya hakuwa na kitambulisho wakati wote huo. Wanawake waliingizwa kwenye usajili wa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

PIN ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, KRA ikafungua milango Julai 1, 1995, na katikati ya miaka ya 2010 karatasi zikahamia iTax. Nitasema ukweli, kwa mtu mwenye laptopu na imeli, iTax ni hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu 1901 mlipa ushuru anaweza kufungua kitabu cha karani na kusoma ukurasa wake mwenyewe. Saa nane usiku ukitaka. Unaona deni, unaona limetoka wapi, unaweza kupinga. Babu angepewa hiyo nafasi angekaa hapo mpaka asubuhi akilinganisha na mkebe wake.

Shida ni kwamba mlango uliwekwa mahali ambapo watu wa Kawangware na Kibera hawafiki bila kubebwa. Imeli. Paswadi. Swali la siri. Kompyuta. Kwa hiyo akatokea mtu wa kuwabeba, na huyo mtu alikuwa mimi. Karani amerudi, sasa anakaa kwenye kibanda cha mabati na anatoza shilingi 100.

Na sheria haijamsahau. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, ya 2018, inasema kutoa paswadi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo inasema anayeshika taarifa za mtu azilinde. Daftari letu lilikuwa linalindwa na kikombe cha chai juu yake.

Watu hufikiri hatari ya akaunti ni wadukuzi. Mwaka 2017 kuna kijana alishtakiwa kortini kwa kudukua mifumo ya KRA, upande wa mashtaka ukataja karibu bilioni 4, naye akakana. Julai 2023 eCitizen ilipigwa na kundi linalojiita Anonymous Sudan, huduma zikakwama siku kadhaa, na waziri akasema hakuna data iliyopotea. Hayo ni mambo makubwa na yana vichwa vya habari. Lakini sijakutana na mtu hata mmoja mtaani aliyeharibiwa maisha na mdukuzi wa KRA. Nimekutana na wengi walioharibiwa na tiki moja iliyowekwa mahali si pake na mtu aliyekuwa na haraka, halafu mlango ukafungwa na funguo zikaenda Qatar.

Kibera ni mbaya zaidi, ama nzuri zaidi, inategemea unaulizia nini. Pale Makina nina marafiki Wanubi. Babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles kutoka Sudan, wakapewa makao kwenye ule msitu ambao kwa lugha yao ni kibra. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi. Lakini hawakupewa hati. Walipewa vibali vya kuishi, na kibali ni kitu ambacho aliyekupa anaweza kukichukua. Hati ya jamii ilikuja 2017, ya ekari 288. Vijana wao, kwa miaka mingi, wakitaka kitambulisho walikuwa wanapelekwa kwanza mbele ya kamati kuthibitisha wao ni Wakenya, kitu ambacho mimi sijawahi kuulizwa. Na bila kitambulisho hakuna PIN, bila PIN huwezi kufungua akaunti ya benki. Rafiki yangu mmoja hunitania kwamba wao ndio peke yao Nairobi wasioweza kudaiwa na KRA, kwa sababu serikali haijaamua kama wapo. Tunacheka, halafu tunanyamaza kidogo.

Juni 25, 2024 nilikuwa mjini, kama wengi wenu mnaosoma hii. Sitaki kurudia mambo ya siku hiyo. KNCHR ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, na tuliozika tunajua namba haitoshi. Mabango niliyoyaona yalikuwa ya mkate, ya magari, ya mafuta ya kupikia. Langu lilikuwa la mkate. Sikuona hata bango moja la kile kifungu kilichotaka taarifa zako za kibinafsi zisilindwe na sheria ya data pale zinapohitajika kutathmini, kudai ama kukusanya ushuru. Kilikuwa ndani ya mswada uleule. Tarehe 26 Rais akakataa kutia saini, mkate ukiwa tayari umepona kabla ya siku hiyo, na mswada ukaanguka.

Mwaka uliofuata kikarudi kwa mlango mwingine. Mswada wa Fedha wa 2025 ulitaka kufuta kile kipengele cha sheria ya taratibu za ushuru kinachozuia KRA kulazimisha biashara kuitolea siri zao na data za kibinafsi za wateja. Wabunge walikitoa. Sawa. Lakini mnaona mtindo? Mnakumbuka shilingi 16 na shilingi 12? Kiasi kinaondoka mbele ya kamera. Rekodi inarudi polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa lugha ambayo haiandikiki kwa bango.

Kuna wale wataniambia nataka watu wasilipe ushuru. Hapana. Mimi mwenyewe tangu sheria ya fedha ya 2023 nakatwa asilimia 5 ya pesa ya kontenti, na nashukuru Mungu ile asilimia 15 ya mswada haikupita. Mitaro ya Kawangware itachimbwa na ushuru, haitachimbwa na dua. Nasema hivi: mtu hawezi kuitwa mdeni wa kitu ambacho hajawahi kuwezeshwa kukiona. Ukishakuwa mdeni, meno ni makali. KRA inaweza kuiandikia benki yako itoe pesa bila kukungoja. Riba ni asilimia 1 kila mwezi. Unaweza kuzuiwa kutoka nje ya nchi. Meno ya namna hiyo yanahitaji uhakika kwamba mwenye deni amepata barua mkononi mwake, si kwa imeli ya mlinzi wa Doha.

Na wakati tunangoja hilo, fanya hivi leo. Nenda na simu yako ama ya mtoto wako, ingia kwenye iTax, uangalie imeli iliyoandikwa pale ni ya nani. Kama si yako, ibadilishe, na ikikataa nenda Huduma Centre na kitambulisho. Angalia majukumu yaliyoandikishwa kwa PIN yako, kama kuna VAT na wewe huna biashara ya mamilioni, omba iondolewe kabla mwezi haujaisha. Badilisha paswadi. Andika mahali pako, si kwa daftari la mtu. Kama hukuwa na kipato faili ile ya sifuri kabla ya Juni 30, maana siku hizi faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000, na kuna wakati ilikuwa 20,000.

Mama wa mitumba tulimsaidia nusu. Msamaha uliopitishwa Desemba 2024 ulifuta faini za mpaka mwisho wa 2023 kwa mtu ambaye hana ushuru wenyewe anaodaiwa, kwa hiyo 110,000 ikaondoka. Ile ya Januari, Februari na Machi 2024 ilibaki, elfu 30, kwa sababu msamaha haukufika huko. Analipa kidogo kidogo. Imeli sasa ni yake, iko kwa simu ya binti yake wa kidato cha tatu, na binti anamsomea kila notisi kwa sauti wakiwa wanakunja nguo jioni. Mara ya mwisho alinipigia kunisahihisha hesabu. Alikuwa sawa.

Wiki jana nilipita kwa ile saiba kuprinti kitu. Kuna kijana mpya, mpole, ana haraka kama nilivyokuwa. Daftari la bluu limejaa, wamelifunga kwa raba na kuliweka chini ya kibodi. Juu yake kuna jipya, jekundu, limefika katikati. Nikaanza kumweleza haya mambo yote, kuhusu tiki, kuhusu imeli, kuhusu kikopo cha shingoni. Alisikiliza vizuri. Halafu akavuta lile la bluu, akafungua kurasa za mwanzo kabisa, akaniuliza:

"Buda, na wewe ritani ya mwaka huu umefaili? Paswadi yako iko hapa, nikufailie?"